Risasi Ndani ya Donge la Uzi

Mvua ya siku tatu ndiyo iliyoangusha dari. Si dari yote, ni kipande cha chumba cha juu cha nyuma, kile ambacho Bi Fahima alikuwa akianikia kofia zake. Alhamisi asubuhi alipopanda na ndoo ya wanga alikuta chokaa imemwagika sakafuni kama unga, boriti moja imeinama, na baina ya boriti na ukuta pamefunguka pango la upana wa mkono. Ndani ya pango mlikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa turubai.

Mwanamke mwingine angejiuliza kitu hicho ni nini. Yeye alijiuliza nani amekiweka. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku hizi. Akikuta mlango wa uani uko wazi hakusema ni upepo, alisema ni mtu. Akisikia majirani wamenyamaza anapopita, alijua walikuwa wakimsema.

Alipindua kinu, akakipanda, akavuta. Vitu vilikuwa viwili, vizito, na nyuma yake kopo la bati lililokuwa la biskuti. Alitoa wembe wake wa kazi, akakata mshono wa turubai kiasi cha shubiri, akachungulia. Mdomo wa chuma ulimtazama. Akakaa chini pale pale juu ya chokaa.

Bunduki. Kisiwani Amu hapa, ambako tangu bara kulipoharibika mtu husimamishwa kwa kubeba panga la kufyekea shamba. Na kesi yake kwa Kadhi ilikuwa Jumanne.

"Gharib," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Nyumba yenyewe ina habari yake, na bila ya kuijua mtu hataelewa kwa nini alimfikiria nduguye kabla ya kumfikiria jambazi. Baba yao, Bwana Barka, alikuwa akiwabebea bunduki wawindaji wa kizungu huko bara. Fahima alipoolewa na Mahdi, babake alimpa nyumba ile, kama watu wa Amu wanavyowapa binti zao: mume ndiye anayehamia, na mke ndiye mwenye mlango. Haikuandikwa ofisini. Ilijulikana. Mahdi akaenda Maskati, na talaka ikaletwa kwa mdomo wa mtu aliyekuwa akileta tende. Babake akafa. Hapo ndipo Gharib, kakake mkubwa, aliyesoma skuli ya serikali akawa karani, alipokuja na karatasi akisema ni ya mambo ya maji. Alimshika Fahima kidole gumba, akakichovya kwenye wino, akakibonyeza mwenyewe, kama mtu anavyomwosha mtoto mikono. Mwaka mzima ulipita kabla Fahima hajajua kuwa karatasi ile ilisema ameiacha nyumba kwa hiari yake.

Hayo yana miaka kumi na mmoja. Sasa mnunuzi amepatikana, mtu wa Nairobi anayetaka kufanya nyumba ya wageni, na Gharib amemwambia Kadhi kwamba madai ya dadake ni maneno ya jikoni na kwamba hakuna shahidi wa zawadi hiyo aliye hai.

Bi Fahima alipanga mambo kichwani kama anavyopanga matundu ya kofia. Miezi mitatu nyuma Gharib alikuja na fundi kupima vyumba. Walikaa chumba hiki cha juu saa nzima, na yeye alikuwa chini akichemsha chai ambayo hawakuinywa. Mwanamke aliyekutwa na bunduki mbili darini hana tena kesi ya nyumba. Ana kesi nyingine, na hiyo haiamuliwi na Kadhi.

Aliuangalia mshono wa turubai. Kazi yake ya miaka thelathini ni kofia za vito, zile za kutobolewa na kudariziwa matundu kwa mkono, na mshono kwake ni kama uso wa mtu. Huu ulikuwa mshono wa mkono mzito, wa mwanamume, na uzi ulikuwa umeoza hata ukakatika kabla ya wembe kuugusa. Ni uzi wa zamani. Basi Gharib ametafuta uzi wa zamani, alijibu mwenyewe. Mtu aliyeweza kuibadilisha nyumba ikawa maji hashindwi na uzi.

Kopo lilikuwa na risasi thelathini na moja, ndefu kama kidole cha kati, shaba yake imeingia weusi. Kitako cha kila moja kilichorwa herufi na tarakimu. Herufi za kizungu hakuzijua, lakini tarakimu alizijua kwa simu: tatu, moja, nane.

Katika watu wote aliowajua, mmoja tu alijua bunduki bila ya kuwa polisi. Huyo alikuwa Bwana Khatib wa Mokowe, askari wa wanyama mstaafu, aliyefanya kazi na babake. Bi Fahima hakuwa amesema naye kwa miaka kumi. Alimwona akila pilau katika arusi ya binti yake Gharib, na tangu siku hiyo akimwona njiani huvuka upande wa pili. Lakini alihitaji kujua Gharib amezitoa wapi risasi hizi, ili Jumanne awe na la kusema kabla hajasemewa.

Ijumaa asubuhi alichukua risasi moja, akaizungushia uzi wa hariri nyeupe hadi ikawa donge la ukubwa wa limau. Akalitia mkobani pamoja na mkasi, kibati cha sindano na kofia mbili ambazo hazijakwisha.

Aliposhuka botini, gatini Mokowe, askari kijana alikipitisha kidude chake juu ya mkoba, kikalia.

"Mama, kuna chuma hapa."

"Sindano, mwanangu. Na mkasi."

Askari alitoa mkasi, akatoa kibati, akapitisha tena. Kikalia tena. Alilishika donge la uzi, akalirusha juu kidogo, akalidaka.

"Uzi mzito huu."

"Wa hariri. Wa pamba ndio mwepesi. Ukitaka kofia ya arusi yako nitakushonea kwa huo huo."

"Mimi ni Mkristo, mama."

"Basi utamvalisha shemeji yako."

Wenzake wakacheka, naye akalirudisha donge. Bi Fahima hakucheka. Njia nzima ya kwenda kwa Bwana Khatib alikuwa akijiuliza kwa nini yule kijana amemwachia upesi hivyo, na kama kuna aliyemwambia amwachie ili afuatwe.

Bwana Khatib alikuwa mlangoni akiwatupia kuku wake punje za mtama. Umri ulikuwa umemkunja, lakini macho yalikuwa yale yale ya kutafuta nyayo.

"Bi Fahima. Nalidhani umeisahau ndia ya huku."

"Sikuisahau. Nalikuwa nikiiepuka."

"Afadhali. Karibu ndani uniepukie karibu."

Alikaa mkekani, akatoa donge, akaanza kuufungua uzi. Uzi ulikwenda, ukazidi kwenda, ukajaa mapajani. Bwana Khatib alikunywa kahawa kikombe kizima akimtazama.

"Umekuya kunishonea kofia ama kunionyesha subira?"

Shaba ikatokeza. Mzee aliweka kikombe chini, akainuka, akafunga mlango. Alipokaa tena aliishika risasi kwa ncha za vidole, akaigeuza kitako kwenye mwanga wa dirisha.

"Ziko ngapi?"

"Nani kasema ziko nyingi?"

"Basi hini moya umeiokota ndiani."

"Niambie ni ya nini, Bwana Khatib, kisha nitajua kama nina nyengine."

Mzee alitabasamu kidogo. "Ulimi ni wa babako huo. Sikiliza. Bunduki ina namba yake kama kiatu. Mguu wa saba hauingii kiatu cha sita. Hini namba yake ni tatu kumi na nane. Polisi hawana, jeshi hawana, majambazi wa msituni hawana. Hata zama zetu, wawindaji wangapi walipita bara hini, na mwenye namba hini alikuwa mmoja tu. Bwana Kimya. Yule mzungu wa babako."

"Siku hizi mtu akitaka kuzinunua?"

"Akanunue wapi? Bwana Kimya mwenyewe alikuwa akizingojea kwa meli miezi sita na hazimfikii. Siku moya tulisimama mbele ya nyati tuna risasi nne, babako akizihesabu kwa kidole kama tasbihi. Nikamwambia, Barka, zikihesabiwa sana hazizai." Akairudisha risasi. "Mwaka uwindaji ulipopigwa marufuku, Bwana Kimya aliondoka. Bunduki zake hatukujua zimekwenda wapi. Polisi walimwuliza babako, akasema yeye ni mbebaji, mzigo ukishuka begani hajui unakokwenda."

"Gharib hawezi kuzipata hizi?"

"Gharib hawezi kumpata hata kuku wangu, na hawa huja kwa kila mtu. Mtu akitaka kukutilia bunduki nyumbani, Bi Fahima, hutilia ile ambayo polisi wakiiona wataitambua. Hatafuti mzoga wa miaka sitini ambao risasi yake haipatikani Kenya nzima."

Alilisikia, na lilikuwa neno la maana, lakini moyo haukutaka kulipokea. Miaka kumi na mmoja ameuzoesha kumwona Gharib nyuma ya kila mlango.

"Wewe ulikula pilau kwake."

"Nalikula. Lilikuwa na nyama. Wewe kwako hukunialika hata uji."

Alifunga tena uzi wake juu ya risasi, akaaga. Mlangoni mzee alisema, "Bi Fahima, kitu kile usikilaze ndani siku nyingi." Maneno hayo aliyageuza kichwani mpaka Amu, asijue kama ni nasaha au ni kitisho.

Alipofika nyumbani alifunga komeo la mlango wa mbele, akapanda juu, akatandua turubai yote ya kifurushi cha kwanza. Bunduki ilikuwa imepakwa mafuta yaliyoganda kama gundi. Hapana kitu kingine. Akatandua ya pili. Kwenye kitako cha mbao palikuwa na kitambaa kilichotiwa nta, kimeshonwa pande zote, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitoa, na kabla hajaikunjua alisikia hodi ndani ya nyumba, chini, si nje. Mlango wa uani. Aliusahau mlango wa uani.

Alizivingirisha bunduki na kopo ndani ya mkeka mkuukuu, akausukuma ukutani, akashuka mbio. Walikutana katikati ya ngazi, Gharib akipanda, karatasi ikiwa bado mkononi mwa Fahima.

"Umekwenda Mokowe," alisema Gharib.

"Nimekwenda kununua hariri."

"Hariri iko Amu."

"Iko. Ila ya Mokowe haiulizi maswali."

Gharib alimtazama kichwani. "Una chokaa hata kwenye nyusi."

"Nyumba inaniangukia. Mwambie mnunuzi wako apunguze bei."

"Fahima, dadangu, tusifike Jumanne. Nipe ufunguo, nitakukodia chumba kizuri mtaa wa Langoni, mwaka mzima nitalipa mimi. Kadhi atataka shahidi. Shahidi wako nani? Kinu?" Kisha macho yakashuka. "Hiyo ni nini?"

Hakungoja jibu. Aliichukua kutoka vidoleni mwake kama alivyowahi kumchukua kidole chenyewe, akaikunjua. Bi Fahima aliona mgongo wa karatasi, na kwa mwanga wa tundu la ngazi aliona mwandiko ukipenya: mistari ya wino wa kahawia, herufi za Kiarabu, za mkono wa baba yao.

Gharib aliigeuza huku, akaigeuza kule. Alipokuwa na miaka sita baba yao alimpeleka kwa mjomba Malindi akasome kizungu. Chuoni kwa Kurani hakukaa hata mwezi. Sala anaijua kwa moyo, na hundi anazisoma mpaka zilizoandikwa kwa haraka, lakini herufi zile kwake zote ni Kurani.

"Dua za mzee," alisema, na sauti ikawa laini. "Bado unaziosha kwa maji na kunywa makombe yake?"

Kisha akafanya anavyofanya kila mtu aliyelelewa vyema Amu akiokota karatasi yenye herufi hizo. Aliiinua, akaigusisha kipajini, akaikunja kama ilivyokuwa na kumrudishia kwa mkono wa kulia.

"Jumanne," alisema, akashuka.

Bi Fahima alifunga mlango wa uani kwa komeo na kwa jiwe la kusagia. Akakaa juu ya jiwe lile lile, akasoma. Skuli hakuiona, baba yao alisema mtoto wa kike mwandiko wa kizungu utamfunza kuandikiana na wanaume. Lakini chuoni kwa Bi Ummu alikaa miaka mitano, na Bi Ummu aliwafunza watoto wa kike kusoma Kiswahili kwa herufi zile zile za msahafu, mtu akitia kidole chini ya neno. Alitia kidole.

Mimi Barka bin Hamdun nimezika bunduki mbili na risasi zake thalathini na moja, amana ya Bwana Kimya, mpaka arudi yeye au waje wake. Nimeziweka katika nyumba ya binti yangu Fahima, niliyompa siku ya arusi yake mbele ya Khatib bin Ubaid na Hussam bin Idris, wala hana mwenzake katika nyumba hiyo. Hajui kuwa zimo. Mwenye kuzikuta asimdhanie ubaya.

Aliurudia mstari wa mashahidi mara tatu. Hussam bin Idris alikuwa kaburini. Khatib bin Ubaid alikuwa Mokowe, anatupia kuku mtama.

Alimpigia simu. "Kwa nini hukuniambia ulikuwapo siku ile?"

"Siku ipi?"

"Ya nyumba."

"Gharib alinambia mumepatana, umeridhia, umelipwa. Nalitaka kukuuliza wewe. Kila nikikuona unavuka ndia."

Miaka kumi shahidi wake alikuwa mwendo wa boti moja, na aliyemzuia hakuwa Gharib peke yake.

Lakini karatasi ile ilikuwa na ncha mbili. Kumpa Kadhi ni kuzitangaza bunduki, maana zimetajwa mstari wa kwanza. Kuzitupa baharini ni kuwa na karatasi inayoshuhudia kitu ambacho hakipo, na Gharib atasema ameiandika mwenyewe juzi. Alifikiria pia kuzipenyeza ndani ya ghala la Gharib, akamatwe nazo yeye, na fikra hiyo ilikaa naye muda mrefu kuliko ilivyofaa. Alijua hata zingelala nyuma ya gunia gani. Kilichomzuia si huruma. Alikumbuka kwamba babake amezilinda kwa kukaa kimya mpaka kufa, na zikikutwa ghalani kwa Gharib, jina litakaloandikwa ni bin Barka.

Jumamosi asubuhi alikwenda kituoni, Bwana Khatib pembeni yake amevaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba. Sajenti alikuwa mtu wa bara, mchovu, mwenye soda mbele yake.

"Nimekuja kusema nina bunduki mbili nyumbani," alisema Bi Fahima, "na ukiinuka namna hiyo utamwaga soda."

Walikwenda watu sita. Walizishusha, wakazipiga picha, wakamwuliza yale yale kwa njia saba. Bwana Khatib aliwaambia namba, sajenti akazungumza na mtu wa silaha kwa simu, akasikika akisema, "Tatu kumi na nane. Hapana, si makosa. Ndiyo, risasi zake ziko. Hata wewe hujawahi kuziona?" Baada ya simu hiyo sauti yake ilishuka. Alimweka kwenye benchi mpaka alasiri, akamwambia atakuwa akiripoti kila Ijumaa hadi uchunguzi uishe, kisha akafungua kitabu.

"Zimepatikana nyumbani kwa nani? Nani mwenye nyumba?"

"Fahima binti Barka. Na karatasi ya mwenye kuziweka inasema hivyo hivyo. Andika na hilo."

Aliandika. Bi Fahima aliomba asomewe, na sajenti akasoma. Kisha akaomba asome na yule polisi wa kike aliye dirishani.

"Mama, hutuamini?"

"Kwa nini nikuamini? Ndiyo kwanza tumejuana leo."

Yule wa kike alisoma. Maneno yakawa ni yale yale.

Jumanne Kadhi aliisoma karatasi mara moja kwa macho na mara moja kwa sauti, taratibu, na Gharib akawa anaisikia kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mitaani. Alisimama akasema ni mwandiko wa kughushiwa, haujui, hajapata kuuona.

"Aliuona Ijumaa, Bwana Kadhi," alisema Bi Fahima. "Aliushika. Aliuweka kipajini, kisha akanirudishia."

Kadhi alimtazama Gharib. "Ni kweli?"

Gharib aliitazama karatasi iliyokuwa mezani, herufi zile ambazo hata sasa hakuweza kuzisoma, na akakaa chini.

Bwana Khatib alitoa ushahidi wake, akayataja mpaka mavazi ya siku ile. Kwa kuwa shahidi wa pili amekufa, Kadhi alimtaka Bi Fahima ale kiapo, naye akala, mkono juu ya msahafu. Baada ya adhuhuri ilisomwa hukumu: nyumba ni yake, na karatasi ya maji haina nguvu.

Karani alileta jalada na kisahani cha wino. Alikuwa kijana mpole. Alinyoosha mkono ili amshike kidole gumba, kama anavyowashika wanawake wote wasiojua kuandika.

Bi Fahima aliurudisha mkono wake nyuma.

"Nisomee kwanza," alisema. "Kisha apewe Bwana Khatib naye asome. Kidole nitakiweka mwenyewe."